Trizah Cheptoo na Chuma Kilichonyamazishwa

Tegeni masikio, enyi watu wa Laini ya Jakaranda, nanyi mliotoka Elburgon, Mai Mahiu na Olkaria, na kabla ya neno lingine lolote zimeni simu zenu, msizipunguze sauti bali mzizime kabisa, maana mwanamke aliyelala katika sanduku hili aliitiwa watu mara ya mwisho kwa simu, na simu ndizo zilizoitika, kwa hiyo familia imeazimia kwamba historia yake isikilizwe na watu.

Marehemu Trizah Cheptoo alizaliwa tarehe 12 Machi 1954 kando ya mji wa Elburgon, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Kimaiyo, mpasua mbao, na marehemu Mama Cheruto, mkulima wa pareto, katika nyumba ambamo sala ilitangulia chai, na ambamo mtoto aliyeitwa hakuruhusiwa kuuliza kuna nini kabla ya kuinuka alipoketi.

Alianza masomo mwaka wa 1961 katika shule ya misheni iliyokuwa karibu na kwao, akafika darasa la saba mwaka wa 1967, akaupita mtihani, lakini karo ya sekondari ilimwendea kaka yake, jambo ambalo hakulilalamikia wala hakulisahau, hata alipojaliwa binti alihakikisha amemaliza kidato cha nne, na kila aliyekuja kumshauri amwoze mapema alirudi kwake bila kuonja chai.

Mwaka wa 1972 aliajiriwa kuwa mpishi katika kantini ya wafanyakazi wa reli mjini Nakuru, kazi aliyoifanya hadi mwaka wa 1996, na ni hapo kantini alipokutana na Kibii, kijana wa genge la kutengeneza njia ya reli, aliyelalamika mbele ya wenzake kwamba maharagwe yana mawe, naye Trizah akamjibu, bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria, kwamba mwanamume anayeshinda akibeba mataruma ya reli hawezi kutishwa na kijiwe kimoja. Genge lilicheka wiki nzima, na tarehe 14 Desemba 1974 wawili hao walifunga ndoa kanisani Elburgon, wakahamia hapa Bondeni, kwenye safu hii ya nyumba tunayoiita Laini, katika nyumba ile yenye mlango wa kijani, wakajaliwa watoto wawili, Kemboi mwaka wa 1976, ambaye sasa anafanya kazi kwenye visima vya mvuke Olkaria, na Jerop mwaka wa 1980, mwenye hoteli ndogo ya madereva wa malori kule Mai Mahiu.

Mwaka wa 1978 Kibii aliomba kipande cha reli kilichotupwa, akakifunga mnyororo na kukitundika kwenye tawi la mjakaranda ulio katikati ya ua wetu, kwa sababu katika genge lao chuma kilipogongwa, iwe treni inakuja au mtu amebanwa, hakuna aliyeitika kwa mdomo, kila mmoja alikwenda. Sheria hiyo aliileta nyumbani, na mkewe ndiye aliyeifanya ikawa desturi ya Laini nzima, kwamba chuma kikigongwa kwa ajili ya mgonjwa, mwizi, moto au maji, kila nyumba itoe mtu mmoja asimame uani kwa miguu yake, awe ameshiba au ana njaa, awe amepatana na jirani au wamenuniana. Hivyo ndivyo wake wa Laini hii walivyobebwa kwenda kuzaa, hivyo ndivyo mtaro mkubwa wa Laini ulivyozibuliwa kila mwaka kabla ya mvua za masika, kila nyumba ikichimba sehemu iliyoielekea, kama wale wa kale walioujenga ukuta wa mji wao, kila mtu mbele ya mlango wake, na Kibii alipofariki tarehe 9 Agosti 1999 chuma kilibaki mikononi mwa mjane wake.

Walio wazee hapa wanaikumbuka siku ya Januari mwaka wa 2008, mji ulipokuwa ukiwaka baada ya uchaguzi, vijana wenye mapanga walipoingia kwenye Laini wakimtafuta Khisa, fundi wa viatu, na wakitaka kila nyumba iseme ni ya kabila gani. Trizah alikigonga chuma, milango yote ikafunguka, jirani yake Bi Kuluthum akatoka na buibui lake na mchi wa kutwangia, mumewe Mzee Shariff akatoka na bakora, Wakristo na Waislamu, wa bara na wa pwani, wakasimama bega kwa bega mbele ya nyumba ya Khisa, na Trizah akawaambia wale vijana, "Hapa kuna watu wa Laini tu, kama mnatafuta kabila mmepotea njia." Wakaondoka, na Khisa yuko hai, ameketi pale na fimbo yake, muulizeni.

Familia imeulizwa juma hili, na watu waliolia kweli, ni lini jamii yetu iliharibika, wengine wakataja serikali, wengine vijana, wengine siku za mwisho, na familia inawajibu bila kupepesa macho kwamba Laini hii iliharibika siku ilipogundua kuwa mtu anaweza kuitika bila kuinuka. Ilikuwa Februari mwaka wa 2021, wapangaji wapya walipolalamika kwamba chuma kinaamsha watoto wachanga na kwamba walevi wanakigonga kwa mzaha, malalamiko ambayo yalikuwa ya kweli, na mwenyekiti wetu Kipkirui, ambaye si mtu mbaya na ambaye siku hizo alikuwa na pacha wasiolala, alipanda ngazi akakiteremsha, akamwambia Trizah, "Mathe, hii chuma ni ya zamani, siku hizi kuna grupu kwa simu, ukiandika tu tumefika." Naye akamuuliza, "Mmefika na miguu ama na vidole?" Watu wakacheka, Kipkirui naye akacheka, kisha chuma kikaburutwa hadi kwenye kona ya chumba cha Trizah, kikafunikwa gunia.

Tangu siku ile tulikuwa watu wema kuliko wote katika Bonde la Ufa, wema wa maandishi, maana mtu akifiwa tuliandika pole, akiugua tuliandika tunakuombea, tukabandika vipicha vya mikono inayoomba, tukasema tuko pamoja kila mmoja akiwa kwake na mlango umefungwa, tukawa kama yule anayekemewa na Maandiko, anayemwambia ndugu aliye uchi nenda ukaote moto, na nguo hampi. Mwezi wa Machi mwaka huu wa 2025 Trizah aliandika kwamba mtaro umejaa nepi na chupa za plastiki na mvua iko karibu, akajibiwa, "Tutapanga, mathe," akaandika tena, akawekewa kidole gumba, akachukua jembe mwenyewe, mama wa miaka sabini na mmoja mwenye shinikizo la damu tangu mwaka wa 2014, akachimba mbele ya mlango wake peke yake, wengine wakampiga picha na kumsifu kwenye kundi kwamba yeye ni mfano wa kuigwa.

Jumamosi tarehe 26 Aprili, baada ya chakula cha mchana, mvua ilinyesha, mtaro ukafurika, maji yakajaa uani na kuingia nyumbani mwake, naye alipokuwa akiinua godoro alianguka, mdomo ukapinda, mkono mmoja ukafa. Bi Kuluthum alimkuta sakafuni ndani ya maji, akamwambia binti yake Umaima aandike kwenye kundi kwamba Mama Kemboi ameanguka, gari haliwezi kuingia, wanahitajika watu wa kumbeba hadi barabarani. Majibu yalikuja upesi, pole sana mama, Mungu ni mwaminifu, tuko pamoja, hata Kemboi akiwa zamu Olkaria alidhani majirani wamefika, akaandika amina, na hapo uani, ambako televisheni za mpira zilisikika kupitia kuta, hakuna mlango uliofunguka.

Ndipo Bi Kuluthum akakumbuka chuma, akalivuta gunia, akakipiga kwa ule ule mchi wake, lakini chuma kilicholala sakafuni hakilii, hutoa kishindo kama cha gogo, ni sharti kining'inie, na kukining'iniza ni kazi ya watu. Mama huyo mwenye magoti mabovu na binti yake walikikokota majini hadi mlangoni, wakapitisha mnyororo juu ya kenchi ya paa, Umaima akauvuta kwa uzito wote wa mwili wake, na Kuluthum akagonga, akagonga, huku akiita, "Laini, Laini, mwenzangu anakufa." Wa kwanza kutoka alikuwa Khisa, akichechemea, akafuatwa na wengine wenye mvi walioijua ile sauti, wakaung'oa mlango wa kijani, wakamlaza juu yake, wakambeba kwenye maji yaliyofika magotini, lakini muda mwingi ulikuwa umepita, na jioni hiyo hiyo alikata roho hospitalini, daktari akisema kwa upole kwamba angeletwa mapema wangekuwa na la kufanya.

Mlinzi aliyepewa tarumbeta, akiuona upanga unakuja na asiipige, damu itatakwa mkononi mwake, ndivyo tulivyofundishwa sote, lakini ni nani atakayejibu kwa ajili ya mji ulioichukua tarumbeta mikononi mwa mlinzi na kumpa simu? Na asubuhi ya leo, mbele ya macho ya familia hii, vijana wenye mabega mapana wamesukumana pale kwenye gari, wakitupiana maneno kuhusu nani atashika jeneza mbele na nani nyuma. Jumamosi ile mlikuwa wapi na mabega hayo? Alikuwa mwepesi kuliko sanduku hili, na alikuwa anapumua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea, waliofanya kazi zamu ndefu bila kumtenga, inawashukuru wenzake wa zamani wa kantini ya reli waliokuja wakiwa na mikongojo, inawashukuru wazee wa kanisa, inamshukuru Mzee Shariff na nyumba yake, na Khisa, na hasa Bi Kuluthum, dada ambaye tumbo la mama halikumzaa, na inawashukuru majirani wote kwa hema hili, kwa viti na kwa chakula, inawashukuru kwa kweli, maana hata hasira hii ni ya watu wanaowapenda, na Mungu aliyewachapa watu wake hakuwahi kuwatupa.

Lakini mtaro ungali umeziba. Hamkuona mashada ya maua hapa kwa sababu familia iliomba yasiletwe, na mahali pa maua, kando ya hema, mnaona sepetu, majembe na mikokoteni, na kwenye tawi lile mnaona chuma, Khisa na wenzake wamekirudisha alfajiri ya leo, na njia ya kwenda makaburini inapita juu ya uchafu uliomuua, nasi hatutampitisha Trizah hapo tena. Jeneza halitatoka katika ua huu mpaka maji yapite.

Lala salama, Trizah binti Kimaiyo, mke wa Kibii, umeitika vya kutosha, pumzika. Ninyi mliobaki msipumzike. Bi Kuluthum yuko tayari na mchi wake, na akigonga, asiwepo wa kusema amina, asiwepo wa kusema tuko pamoja, inukeni, kila mtu na sehemu iliyoelekea mlango wake. Mwenyekiti Kipkirui, ndugu yetu, wewe uliyepanda ngazi, anza wewe, vua koti.