Ngombe Iliyobadilika Rangi

Bamama, bababa, vijana mulioko pale nyuma, nawasalimu. Mumenizoea na kamera shingoni, nikiwaambia mucheke kidogo. Leo mi njo nasimama mbele. Nitasema, juu niliapa: nikitoka mu ile shida, sitanyamaza.

Munajua studio yangu hapa Baraka. Ndoa, ubatizo, mutoto kumaliza masomo ku école, bantu balikuja kwangu. Skrini ya kompyuta yangu ilikuwa ya zamani, ilionyesha kila kitu na ubuluu. Basi kila picha niliiongezea wekundu mpaka ipendeze macho yangu. Hakuna aliyelalamika. Nani atalalamika akitoka murembo?

Sasa, familia moja ya kule milimani, Bibokoboko, ilikuwa inaozesha kijana wao. Baba ya binti anaishi Lweba, mzee wa muguu mubaya, hawezi kupanda milima. Alitamani ngombe ya mahari iwe nyekundu, sawa ile iliyolisha batoto wake maziwa, ikapotea wakati wa kukimbia vita. Bale ba upande wa kijana bakasema: tuko na hii tu, ipigwe picha, mzee aamue. Nikapanda, nikapiga, nikamuletea. Mzee aliililia ile picha, nawaambia. Akakubali.

Ngombe kufika Lweba, ni kahawia ya giza, sawa kahawa iliyochemka. Mzee akafunga mulango. Akasema bamebadilisha ngombe, na muntu wa kubadilisha ngombe atabadilisha hata neno la ndoa. Bale bakarudi na ngombe yao na haya. Binti akabaki kulia. Na mi? Pande zote mbili zikasema nimehongwa.

Studio ikapoa, nikafunga. Nikaanza kuuza ndagala, bale samaki badogo ba ziwa, ku soko. Nilikuwa na hasira, ndugu zangu, na si hasira ya kuficha. Ngombe ilikuwa ni ile ile! Nikasema nitapata njia ya kuonyesha.

Pembeni yangu alikaa mama muuza pagne, vile vitambaa vya kitenge. Siku moja bamama ba korali ya kanisa bakamuletea kipande cha pagne ya zamani, banataka rangi ile ile. Hakuangalia mu kivuli cha kibanda. Alitoka nacho mpaka ku jua, akakilaza juu ya pagne moja, akakilaza juu ya ingine. Akasema, "Macho yanasahau rangi. Kipande hakisahau." Mi nikaacha ndagala pale pale, nikamwomba kitambaa.

Nikakikata vipande viwili. Nusu nikampelekea mzee. Hakunipa hata kiti. Nikamwambia achunge ile nusu tu, siombi kingine. Ya pili nikapanda nayo Bibokoboko, dada ya kijana akaishika ku ubavu wa ngombe, nikapiga picha.

Kurudi nyumbani, nikapigana na skrini na mashine ya kuchapa. Napunguza wekundu, nachapa, natoka ku jua, nalinganisha na kitambaa. Bado. Narudi. Majirani bakasema nimerukwa na akili. Waache baseme. Mpaka kitambaa cha ku picha na cha mukononi vikakuwa kitu kimoja. Kisha nikarudisha kila kitu vile kilikuwa zamani, nikachapa tena picha ile ile.

Nikashuka Lweba na picha mbili. Mzee akatoka ku uwanja polepole, akaweka kipande chake juu ya ile ya mutindo wa zamani. Ngombe nyekundu, lakini hata kitambaa kilikuwa kimegeuka rangi. Akaweka juu ya ile mupya. Kitambaa sawasawa, ngombe kahawia. Kisha akasema, "Kumbe ni mashine ilibadilisha ngombe. Mi nilifukuza bantu ba kweli."

Kesho yake alituma muntu kupanda Bibokoboko. Ngombe ikashuka tena na kahawia yake, mzee mwenyewe akapokea kamba. Ndoa ikafungwa, na mi njo nilipiga picha.

Namushukuru Mungu. Namushukuru yule mama wa pagne, na ile familia ya Bibokoboko iliyonifungulia tena wakati ilikuwa na haki ya kunifukuza. Nawaambia: ukiitwa mwongo na uko na kweli, usipige kelele tu. Mupe yule asiyekuamini kitu cha kushika mu mukono wake mwenyewe.

Ile nusu ya kitambaa, mzee hajairudisha. Iko mu Biblia yake. Nikimupelekea picha za bajukuu bameshika nusu yangu, mbele hata ya kunisalimia anatoka na yake ku jua kulinganisha. Namungojea.