Mama Nyaya, Aliyesikiliza Vichwa vya Watu

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1952. Hapana, tusahihishe mapema, ilikuwa 1953. Mwaka wa hamsini na mbili upepo uling'oa paa la wazazi wake, na yeye alizaliwa chini ya mabati mapya. Alikuwa wa pili na wa mwisho, baada ya kaka yake, ambaye ndiye anayewasomea haya. Nyumbani aliitwa Kijiko, kwani akiwa na miaka minne alifungua redio ya baba kwa kijiko cha chai, amtoe yule mtu anayesoma habari. Na alikuwa na lake moja: akiitwa, huitika mara moja tu. Ukirudia, unanyamaziwa, na baadaye unaulizwa: "Si nimeshaitika? Masikio yako yamekwenda sokoni?"

Alisoma shule ya msingi kando ya reli, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1974 akahitimu ufundi wa vipimo vya hospitali.

Mwaka huohuo aliajiriwa katika chumba cha kupima ubongo, mwisho wa korido, na mwaka 1988 watafiti wa chuo kikuu wakamchukua awafanyie kazi humohumo. Alibandika visahani vidogo vya madini kichwani mwa mtu, kwa dawa nzito kama uji uliolala. Nyaya zikaenda kwenye mashine, nayo ikachora mistari ya umeme wa ubongo. Ndiyo maana akaitwa Mama Nyaya. Watafiti waliwapa watu hesabu, wakawalaza usingizi, wakawapigia kengele, macho yote kwenye mistari. "Ile mashine ya sumaku ya kupiga picha za ubongo inaonyesha nyumba tu," alikuwa akisema. "Hii yangu inasimama dirishani, isikilize kama waliomo wanazungumza." Wenye hofu aliwatuliza: "Baba, siri zako hazionekani. Kinachoonekana ni kwamba umefumba macho."

Kwa mgonjwa asiyejitambua, aliwauliza ndugu jina lake la nyumbani, wamwite kwa hilo huku yeye akitazama mistari. Sharti lilikuwa moja: asiguswe mtu wala mto. "Mkono wako ukitikisa waya, mashine itaandika habari zako, si zake."

Tarehe 8 Septemba 1979 aliolewa na fundi umeme aliyekuja kutengeneza soketi ya chumba kile. "Nyaya zangu zinawasha taa," fundi alijigamba. "Zako zinawasha nini?" Akajibiwa, "Zangu zinatafuta taa. Kaa hapa tuone kama unayo." Akakaa miaka thelathini na miwili, hadi alipotangulia mwaka 2011.

Marehemu alipatwa na kiharusi tarehe 2 Februari mwaka huu, akianika nguo. Hakusema tena, hakufumbua macho. Alipelekwa chumba kilekile alichofanyia kazi, na aliyembandika nyaya alikuwa fundi wa kike aliyemfundisha mwenyewe. Binti huyo alifanya kila kitu kama alivyofunzwa, machozi yakimdondoka.

"Mjomba, mwite jina la nyumbani."

"Kijiko!" kaka yake akaita.

Mistari ikaruka. Chumba kizima kikashusha pumzi.

"Mjomba," fundi akauliza polepole, "umemgusa?"

Kaka akatazama mkono wake. Ulikuwa juu ya mto. Ulifikaje pale, hajui; labda ulikwenda kumfunika shuka, kama ulivyozoea tangu utotoni.

Wakamwondoa hatua mbili, akaita tena. Akaita na mara ya tatu. Mistari ikatulia kama maji ya mtungini.

"Basi hakusikia," daktari akasema.

"Daktari, huyu haitiki mara mbili. Muulize yeyote wa kwetu."

Fundi akaanza kumbandua visahani, kimoja kimoja, akimfuta dawa kwenye mvi kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu. Marehemu alifariki tarehe 19 Februari, saa nne asubuhi.

Ameacha mabinti wawili, wakwe wawili, wajukuu watano, na kaka mmoja. Mungu ampe usingizi usiopimwa na mtu. Naye kaka bado anamuuliza kila aliyesoma anayekutana naye, na hata leo, kama yupo hapa ajuaye, amwambie: ule mruko wa kwanza wa mistari, ulikuwa mkono wake juu ya mto, au Kijiko aliitika?