Damu ya Chozi wa Mlimani

Benchi lenyewe lilikuwa ubao tu juu ya mawe, nje ya kibanda cha Spana, fundi wa baiskeli, karibu na soko la Nyeri. Hapo niliuza kahawa ya mbuni, ile duni iliyokataliwa kiwandani, naichoma kwa sufuria mpaka inaacha kulia. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari. Kihara wangu alikuwa ameingia msituni, na sasa mabomu ya serikali yalikuwa yamewasukuma yeye na wenzake juu kabisa mlimani, kwenye baridi ambako hata mti hauoti. Benchi lote lilijua, na hakuna aliyemtaja, maana siku hizo jina moja lilitosha kukunyonga. Kwa hiyo nikauliza habari za ndege.

— Sindano, wewe ndiye unamshikia bwana wa mifugo ndege akiwatoa damu. Huko juu hewa ni haba. Chozi, kandege kadogo vile kanakonyonya maua, kanaishije?

— Ni damu, Mama Kihara. Bwana anasema damu ya ndege wa juu ikikamata hewa haiachii ovyo. Ya kuku wa Wang'uru, kule kwenye joto, inashika kivivu.

— Uongo! Spana akadakia. Ndege iko na tyubu ndani. Mimi nimepasua kuku nikaona vifuko. Anajaza pumzi hapa chini, anafunga valvu, anapanda.

— Na tyubu ikitoboka? nikauliza.

— Anaanguka. Hujawahi kuokota ndege amekufa njiani bila kidonda? Hiyo ni pancha.

Gatimu akacheka. Tulimwita Redio kwa sababu alijua habari kabla hazijatokea.

— Ati pancha! Nyinyi hamjui kitu. Ni chuma. Mabomu yanamwaga chuma huko kila siku, ndege wanadonoa. Damu ikishakuwa na chuma inavuta hewa yenyewe, kama sumaku.

— Na kabla ya mabomu walivuta na nini? nikamuuliza.

— Kabla ya mabomu hawakuwa wanafika juu.

— Gatimu, babu yako alikuwa akiwaona huko akiwinda.

— Babu yangu macho yalikuwa mabaya.

— Akili ndiyo mmerithiana. Sindano, wacha hawa. Mkichukua kuku wa chini mkampeleka juu, anakuwa nini?

Sindano akaangalia kikombe chake. Alijua ninauliza habari za nani.

— Tulipeleka, mama. Wale wa lori, waliopandishwa mara moja, walilala miguu juu. Wale tuliowapumzisha mahali na mahali, damu ilizidi kuwa nzito, wakazoea. Mmoja hata alitaga.

— Alitaga!

Nikamwongezea kahawa bila yeye kuomba. Kihara hakupandishwa na lori. Alipanda kidogo kidogo, akifukuzwa.

Hapo ndipo akaja Wasike, askari mgeni kutoka Bungoma, sare bado inanuka stoo. Benchi likajikunja kumpisha.

— Endeleeni, wazee. Mlikuwa mnasema nini?

— Ni kuku tu, afande, akasema Redio, aliyekuwa ameishiwa na habari ghafula.

Wasike akanywa, akakunja uso kwa uchungu wa kahawa.

— Na mtu je? Mtu wa chini akienda juu, damu yake pia inazoea?

Spana akaanza kukaza spoku iliyokuwa imekazwa tangu asubuhi. Ukisema ndiyo, umesema watu wanaweza kuishi kule, na swali la pili litakuwa nani alikuambia. Sindano, mwenye jibu, akatazama barabara.

— Nauliza kwa sababu kesho tunapandishwa, Wasike akasema, sauti imeshuka. Wenzetu waliotangulia wamerudi kwa machela, wanatapika. Na amri ni tufike juu siku hiyo hiyo, kabla hao watu hawajahama.

Nikainua birika. Kilichobaki ni machicha na kikombe kimoja. Nikamimina chote kwake.

— Inazoea, kijana, lakini inataka muda. Ukikimbia, machela ni yako. Kichwa kikianza kuuma, kaa chini. Kikiendelea, lala hapo hapo mpaka kesho yake. Waambie na wenzako.

— Asante, mama. Mkubwa wetu atakasirika.

— Mkubwa wenu pia ana kichwa. Panda polepole.

Akamaliza, akasimama, akafunga mkanda.

— Polepole sana, nikamwambia tena, nikasuuza kikombe.