Alama Ambayo Sikuigeuza

Wapendwa, leo nimesimama kushuhudia, ila sikuja na wimbo. Nimekuja na aibu yangu, na bado naiogopa.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, huku Sigowet. Mwaka jana kidato cha pili kulikuwa na mama mmoja, jina lake silitaji. Alikuwa mchuma majani chai. Mashine zilipochukua kazi yao, akarudi shule. Ndugu zangu, mama wa miaka arobaini, amevaa sare!

Siku hiyo nilifundisha grafu za "ndogo kuliko" na "kubwa kuliko". Unachora mstari, kisha unapaka kivuli upande usiotakiwa. Nikaandika x − 2y < 6. Nikachora, nikapaka. Mama akainua mkono.

"Mwalimu, nimejaribu sifuri na sifuri. Jibu ni sifuri, na sifuri ni ndogo kuliko sita. Mbona hapo umepaka kivuli?"

"Mama, kaa chini. Hapa si shambani."

Darasa likacheka. Nikageukia ubao nimwonyeshe, ndipo nikaliona kosa langu. Ili kuipata y unagawa kwa hasi mbili, na ukigawa kwa namba hasi, ile alama ya "ndogo kuliko" lazima igeuke iwe "kubwa kuliko". Sikuigeuza! Na si siku hiyo tu: miaka mitatu nilikuwa nafundisha hivyo. Niliwaza watoto wa watu kwenye mtihani wa taifa, wanapaka upande mbaya kwa sababu mwalimu alisema.

Nilitoka darasani. Siku nne sikurudi. Nilimwambia mwalimu mkuu ni malaria. Uongo mtupu.

Siku ya tano mama akabisha mlangoni kwangu, daftari mkononi. Hata kuketi alikataa.

"Mwalimu, mimi nilikaa nje ya shule miaka ishirini na tatu, nikarudi. Wewe unashindwa na siku nne?"

Nililia mbele yake, mwanaume mzima.

Kesho yake nikaliambia darasa, "Niliwafundisha vibaya, na mama huyu nilimkosea." Hakuna aliyecheka. Kisha nikawatafuta wanafunzi wangu wa zamani kwa simu. Mmoja wa Sotik akasema, "Swali kama hilo nililikosa kwenye mtihani, mwalimu. Nikajua mimi ni mjinga tu, nikaacha hesabu."

Namshukuru huyo mama, na mwalimu mkuu aliyesikia ukweli wote akanipa chaki tena. Mtu akikuuliza swali, jaribu jibu lako kwanza kabla hujamkalisha.

Na kama umo humu, na nilikufundisha miaka ile: hukuwa mjinga. Tafadhali simama, nikuombe msamaha ukiniangalia.