Mzee Nzomo Mbaluka na Chuma cha Mpaka

Mzee Nzomo Mbaluka alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kijiji hiki, nje kidogo ya Sultan Hamud, mtoto wa tatu wa Mbaluka na Kanyiva. Alisoma hapa hapa hadi darasa la saba, akafaulu, lakini karo ya sekondari haikupatikana.

Mwaka 1972 aliajiriwa kwenye reli, akawa anatembea kukagua njia hadi Mtito Andei kwa miaka thelathini na moja. Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa kanisani na mama yetu, Muthoki. Walijaliwa watoto wanne.

Mwaka 2015, Baba akiwa amestaafu, dada yetu Mutindi alimletea mashine ya kutambua chuma ardhini, akidhani ataichezea wiki moja. Alikosea sana. Baba alizunguka nayo kila penye jengo kuukuu, maduka yaliyoachwa na nyumba za reli, akiomba ruhusa kwanza na kufukia kila shimo. Watu walinong'ona kwamba anatafuta dhahabu. Alichotuletea ni misumari, bawaba na senti zenye tundu, akavipanga dirishani na kutukataza kupanguza vumbi.

Lakini kuna jambo moja lazima nilisome, mimi Mbuvi, mwanawe wa pili. Kwa miaka kumi na tisa Baba na jirani yetu Kathini, Mama Ndolo, walizozania mpaka. Kathini alidai ua wetu umeingia kwake. Kijiji kizima kiliamini mpaka ni safu ya makonge, kwa hiyo Baba alionekana mshindi. Wawili hao walisali kanisa moja bila kusalimiana.

Agosti 2019, kando ya ukuta wa ghala la pamba lililobomoka, mashine ililia. Baba alichimba akakuta bikoni, kile chuma ambacho mpimaji wa ardhi huzika kwenye simiti kuonyesha mpaka. Ilikuwa hatua kumi na mbili ndani ya shamba letu. Makonge yalikuwa ua wa boma la ng'ombe la zamani tu. Alirudi nyumbani, akasukuma sahani kando, akamweleza Mama.

"Kuna mtu amekuona?" Mama aliuliza.

"Mimi nimejiona."

Asubuhi alikwenda na koleo kung'oa waya wa ua wetu, kisha akamwita Kathini. "Mama Ndolo, mimi ndio nilikuwa kwako. Nisamehe."

Kathini alitazama bikoni. "Hiyo waya wacha kwanza," alisema. "Kuja tukunywe chai."

Sehemu ile ilikuwa niirithi mimi, na nakiri nilinuna hadi Krismasi. Leo ninaona fahari kuwa mwanawe.

Mwaka 2023 Baba aligunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume. Alitibiwa Makueni na Nairobi, akavumilia bila kunung'unika, ila kuhusu uji usio na sukari. Alituaga tarehe 9 Mei 2025 akiwa nyumbani, Mama amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, na Kathini, aliyekataa tuliache jina lake nje ya orodha hii. Hema mnaloketi chini yake leo limesimama kwenye zile hatua kumi na mbili, ambazo sasa ni zake. Hatukumwomba Kathini, alikuja mwenyewe kufyeka nyasi.

Baba, lala kwa amani katika udongo usiodaiwa na mtu.