Imechakaa: Historia ya Mwalimu Gregory Chilumba

Ndugu, majirani na waombolezaji wote, familia inaomba usikivu wenu kwa muda mfupi.

Mwalimu Gregory Chilumba alizaliwa Lulindi, Masasi, tarehe 14 Machi 1961, akasoma shule ya msingi hapo hapo, kisha sekondari ya Chidya, 1976 hadi 1979, na mwaka 1982 akahitimu ualimu, akapangiwa Newala, alikofundisha Kiswahili hadi alipostaafu Machi 2021, na wengi mliopo hapa mnaikumbuka kalamu yake nyekundu, maana aliyeandika kwamba msichana alikuwa mzuri kama malaika alirudishiwa daftari lenye neno moja pembeni: imechakaa.

Tarehe 8 Julai 1995 alifunga ndoa na Severina, wakajaliwa watoto wawili, Nickson na Perpetua, aliyeandika historia hii.

Severina alifariki tarehe 9 Agosti 2016, historia yake akaiandika Mwalimu mwenyewe, mwishoni akaweka kwamba ameacha pengo lisilozibika, na Perpetua, wakati huo ana miaka kumi na minne na ulimi mrefu, akachukua kalamu ile ile akaandika pembeni: imechakaa. Mwalimu alisoma, akasema, "Haya mama, umenikamata," akaikata sentensi, wala hakuweka nyingine mahali pake.

Novemba 2024 alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa, akarudi nyumbani, na Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa nne na nusu asubuhi, akafariki.

Juzi baba mdogo Selestini alitaka iandikwe kwamba mbuyu umeanguka. Akamwambia Perpetua, "Acha midahalo yako ya chuo, msomee baba yako kama watu wanavyosomewa!" Perpetua alikataa, kwa sababu marehemu alipopimwa mara ya mwisho alikuwa na kilo arobaini na nane, mbuyu gani huo? Kwamba taa imezimika alikataa pia, umeme ulikuwepo, feni ilikuwa inazunguka. Sentensi za namna hiyo alizikata zote, zikabaki tarehe tupu, akajaribu kuzisoma kama anasoma ratiba ya mitihani, na machozi hayakuja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochota maji na kupika tangu Jumanne, na walimu wenzake wa Newala.

Sentensi moja imerudishwa, ile iliyokatwa mwaka 2016, na inasomwa kwa ajili yao wawili: Severina na Gregory wameacha pengo lisilozibika.

Lala, Mwalimu, leo hakuna wa kusahihisha.