Marahaba ya Bi Naznin Dirishani

Bi Naznin Kazim, muuguzi wa kituo chetu cha afya Kiembe Samaki, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Wagonjwa wa dirisha la methadoni, dawa ya kuwatoa watu kwenye unga wa kulevya, wameniomba niandike kwa niaba yao. Baba yangu, Msabah, ni mmoja wao, naye ameniruhusu nimtaje.

Bi Naznin alizaliwa Kiponda, Mji Mkongwe, katika familia ya wauza vitambaa. Alianza kazi Mkokotoni akichanja watoto, na wenyeji wa huko bado wanacheka wakikumbuka alivyojitahidi kusema Kitumbatu. Alipohamia kwetu alipima wajawazito, akafunga vidonda, akawakemea wagonjwa wa kisukari wanaoficha halua.

Dirisha lilipoanzishwa, baadhi ya wenzake walihofia kwamba watumiaji wa unga wataiba hata mapazia. Bi Naznin alijibu kwamba mapazia yenyewe yamechakaa, atakayeyachukua atakuwa ametusaidia. Kisha akaomba ufunguo.

Methadoni hunywewa mbele ya muuguzi, na mgonjwa hutakiwa aseme neno ijulikane kuwa amemeza. Bi Naznin alichagua salamu. Unameza, unasema shikamoo, naye anaitikia marahaba, taratibu, akikutazama usoni. Mzee Muhiddin wa Makunduchi aligoma, akisema hawezi kumwamkia mtoto mdogo. Basi Bi Naznin akawa ndiye anayemwamkia yeye, na mzee akalazimika kumeza upesi ili aitikie.

Baba anasema siku hizo hakuna mtu wa nyumbani aliyemwitikia. Bibi, mama yake mzazi, ambaye cherehani chake baba alikiuza kwa ajili ya unga, alikuwa akigeuza uso. Marahaba ya dirishani ndiyo pekee aliyoipata.

Ramadhani ya kwanza, baba aliacha dawa ili afunge. Haikuchukua muda arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, ikamlaza barazani, anatetemeka, na wauza unga wakaanza kupitapita. Bi Naznin alipopata habari hakumlaumu. Alimfuata mkuu wa kituo hadi dirisha likaruhusiwa kufunguliwa baada ya futari, kisha akaja mwenyewe kwetu kumweleza Bibi. Jioni ile Bibi alimsindikiza baba. Alisimama pembeni, akamsikia mwanawe akiamkia na kuitikiwa. Waliporudi, baba alimwamkia mlangoni kama alivyozoea, bila ya kutarajia kitu. Bibi akaitikia.

Sasa baba anafanya kazi shambani Kizimbani, na kila asubuhi hupita dirishani kwanza. Yeye na wenzake wana wasiwasi na mwezi ujao. Lakini wiki nzima hii Bi Ummkulthum, atakayeshika ufunguo, amekuwa akisimama kando ya Bi Naznin, na juzi tulimsikia akiitikia taratibu, akitazama usoni.

Bi Naznin, ahsante. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na wajukuu wasiokuchosha. Kwa niaba ya wote wa dirishani: shikamoo.

Mashavu Msabah, Kidato cha Tatu